Chumba cha Nne cha Minza

Ninyi mnaoketi sasa kwenye meza yangu pale Mkuyuni, na kompyuta zenu mbili na feni, nasikia mnawaambia wateja kwamba Mama Shija alikuwa hashindwi. Acheni uongo. Nilishindwa mara nyingi, na mara moja nilikaribia kumponza mtu kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa barua nzuri ambayo ukiisoma hadi leo utaipenda. Nawaandikia habari hiyo kwa sababu wiki iliyopita mmoja wenu alinipitia na rasimu ya rufaa ya faini, akaomba niikague. Nikamuuliza nyumba yenyewe iko upande gani wa barabara. Akafungua simu kutafuta.

Kwa asiyejua kazi yetu, ni hivi. Mtu anainua ukuta, mkaguzi anapita, anachora alama ya X kwa rangi nyekundu na kuacha ilani: umejenga nje ya ramani, umejenga bila kibali, umeisogelea barabara mno. Lipa, au bomoa, au vyote viwili. Mwenye nyumba anatoka ofisini, anavuka barabara, ananikuta mimi na mashine yangu ya chapa. Namchorea ramani anayotakiwa kuwa nayo tangu mwanzo, namwandikia rufaa, na nikiwa na nafasi namgombeza. Ofisi yenyewe siitaji jina. Nimestaafu na napenda kulala vizuri.

Sikuanza kama mchoraji. Nilikuwa mpiga chapa wa Mzee Mabula, mchoraji wa ramani aliyekuwa na penseli nyuma ya kila sikio na ambaye hakuwahi kuzikumbuka, kwa hiyo alikuwa akinituma dukani kununua nyingine. Alikuwa mfupi, mwenye kikohozi, na aliwaheshimu wakaguzi kwa namna ambayo mkaguzi mwenyewe akifika nyumbani ndipo anagundua kwamba ametukanwa. Alinifundisha kwamba rufaa haianzii mezani, inaanzia kwenye vumbi la mteja. Uende ukaione nyumba. Uizunguke. Uguse ukuta. Ndipo uandike.

Nitawapa mfano wake mmoja. Kule Mkolani mtu mmoja alipigwa faini kwa kuwa uzio wake, kwa vipimo vya mkaguzi, ulikuwa karibu mno na barabara. Mwenye uzio analia kwamba alipima mwenyewe na ukatosha. Mzee Mabula akaenda, akamkuta mkaguzi na futi yake ya kitambaa, moja ya zile ndefu, imevutwa miaka mingi mpaka imelegea kama lastiki ya chupi ya zamani. Mzee hakubishana. Alimwomba kwa adabu mkaguzi asimame wima ukutani, akampima kimo kwa futi yake ileile mbele ya majirani, akasoma namba kwa sauti.

"Bwana mkubwa," akasema, "kwa futi hii wewe ni mfupi kuliko mkeo. Tufute faini, au tukupeleke hospitali?"

Faini ilifutwa palepale. Futi haikufutwa, niliiona tena mwaka uliofuata ikiwa bado kazini.

Alinifundisha pia mambo madogo ambayo ninyi mnayaona ya kizee. Ilani ikija, usianze na faini, anza na tarehe, kwa sababu siku za kukata rufaa zinahesabiwa toka ilipopokelewa, na ilani nyingi hupokelewa na mbuzi. Nenda na nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa, la sivyo barua yako haijawahi kuzaliwa. Leo mnasema kila kitu kiko kwenye mfumo. Vizuri. Lakini mfumo ukilala siku tatu, siku za mteja wako hazilali pamoja nao, na karani atakwambia hivyo huku anatafuna karanga.

Sasa Minza.

Alikuja asubuhi moja, Mzee Mabula akiwa ameshafariki na meza ikiwa yangu. Wakati huo jina langu limeshavuma, na kichwa kimevimba. Nilikuwa nimeshinda rufaa nne mfululizo bila kutoka kwenye kiti. Minza alikuwa mjane, anauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, na anakaa juu ya kilima huko huko, kule ambako nyumba zimejibana katikati ya majabali na ukitupa maji machafu yanamfikia jirani wa chini kabla ya salamu yako.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, umeamkaje, mama.

"Mwangaluka. Leta karatasi."

Ilani ilisema nyumba yake ina chumba cha nne ambacho hakimo kwenye ramani iliyoidhinishwa. Ramani ilikuwa na vyumba vitatu. Alipe faini na kukibomoa chumba hicho ndani ya siku kumi na nne, akishindwa nyumba nzima ingeshughulikiwa. Mnajua maana ya neno hilo likiandikwa na ofisi. Faini peke yake ingemeza mtaji wake wa dagaa wote, na tayari kishoka mmoja, dalali wa mlangoni asiye na ofisi, alikuwa amemwambia ampe nusu yake mkononi, yeye atayamaliza. Minza alikuwa na watoto wawili, na hakuwa na pengine pa kwenda.

Nikamuuliza kama ninavyouliza siku zote, kalamu mkononi, bila kumtazama.

"Chumba cha nne kilijengwa lini?"

"Mayu, pale upande ule siyo…"

"Nijibu ninachouliza, mwanangu. Kilijengwa lini?"

"Marehemu ndiye alipiga lipu na rangi. Kabla hajafa, mwaka ule aliougua."

"Alikuwa na kibali?"

"Cha nini, mayu?"

"Basi hakuwa nacho. Nenda, utarudi keshokutwa."

Nikaandika. Wanangu, niliandika! Nilieleza kwamba chumba cha nne kilijengwa na marehemu, fundi mwaminifu, kwa nia njema na bila kujua taratibu. Kwamba mjane hawezi kuadhibiwa kwa kosa la marehemu. Kwamba anaomba chumba hicho kirasimishwe. Nilimaliza kwa aya ya mwisho ambayo mimi mwenyewe nilipoisoma nilijifuta machozi. Nikapeleka, nikagongewa mhuri, nikaenda kula samaki.

Siku moja kabla ya kikao cha rufaa, karani akanipigia simu kwamba inatakiwa picha ya chumba husika. Nikaazima kamera, nikapanda kwa mara ya kwanza.

Kile kilima hakina njia, kina mabishano. Nilipanda kwa mikono na magoti, viatu mkononi, huku watoto wakinipita mbio na ndoo za maji kichwani na kuniambia shikamoo bibi. Nilikuwa bado sijawa bibi wa mtu. Kutoka chini barabarani nilikuwa nimeiona nyumba vizuri kabisa: ukuta mrefu wa rangi ya njano, madirisha manne, la mwisho lina pazia la bluu. Nilipofika juu nikahesabu tena. Madirisha matatu yalikuwa madirisha. La nne lilikuwa limechorwa.

Limechorwa kwa rangi, na fremu, na nondo, na pazia la bluu lililopinda kidogo pembeni kama kuna upepo. Ukuta wake ulikuwa jabali. Jabali la Mungu, kubwa kuliko nyumba, nyumba imeliegemea ubavuni kama zilivyo nyumba nyingi za kule. Marehemu alikuwa amelipiga lipu upande wa barabarani, akaliunganisha na ukuta, akalipaka njano ileile, akalichora dirisha. Nililigusa. Lilikuwa baridi. Nikazunguka nyuma, nikaona jiwe tupu na mijusi.

Nikakaa chini. Minza akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe.

"Siku ile nilitaka kukwambia ni jiwe," akasema, polepole, bila kunilaumu. "Ukasema nijibu unachouliza."

Niliona haya, na haya hiyo sijaimaliza. Nilikuwa nimemwandikia mjane barua ya kukiri, kwa Kiswahili safi, kwamba amejenga chumba ambacho hakipo. Miaka yote nilikuwa nikiwacheka wakaguzi wanaokagua kutoka dirishani mwa gari, kumbe mimi hata gari sikuwa nalo.

Nikamuuliza kwa nini mumewe alifanya vile. Akanieleza kwamba walipooana alimwahidi vyumba vinne, cha nne kiwe chake mwenyewe, aweke cherehani. Akajenga vitatu, akafika kwenye jabali. Alisema angelipasua polepole, kwa moto na nyundo, kama mafundi wa kokoto wanavyofanya. Akaugua. Mwaka wake wa mwisho, alipokuwa hawezi tena kuinua nyundo, aliweza kuinua brashi. Akamaliza dirisha, akamwita mkewe nje, akamwambia chumba chako hiki, kwa sasa.

Kesho yake kikaoni nilivaa gauni langu la kanisani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mhandisi, mama mmoja mnene mwenye miwani myembamba, asiyependa kupotezewa muda. Mkaguzi aliyetoa ilani aliitwa Deo, kijana mtanashati mwenye viatu vilivyochongoka. Deo akasimama, akashika barua yangu kwa vidole viwili.

"Mheshimiwa mwenyekiti, sina haja ya kusema mengi. Mkata rufaa mwenyewe amekiri. Ukurasa wa kwanza, aya ya pili. Naomba niisome, maana imeandikwa vizuri sana."

Akaisoma. Yote. Watu wakatikisa kichwa kwa huruma pale pa nia njema. Nilitamani ardhi inimeze, na mhuri wao ugongwe juu.

Nikasimama. "Mheshimiwa, barua hiyo si ya mkata rufaa, ni yangu mimi. Na nilipoiandika nilikuwa sijafika kwenye nyumba. Naiondoa. Hicho chumba hakipo."

"Hakipo?" Mwenyekiti akavua miwani. "Mama Shija, juzi kipo, kimejengwa kwa nia njema. Leo hakipo. Kimekwenda wapi?"

"Hakijawahi kuwepo. Ni jabali lenye picha ya dirisha."

Wakacheka, na Deo akacheka kuliko wote. Niliwaachia wacheke mpaka wakamaliza, Mzee Mabula alinifundisha hilo pia. Kisha nikasema, "Mimi nakiri sikupanda. Naomba na mwenzangu aulizwe."

Mwenyekiti akamgeukia. "Deo, ulipanda?"

"Mheshimiwa, ile nyumba inaonekana vizuri sana kutoka barabarani."

"Sikuuliza inaonekanaje. Ulipanda?"

Deo akatazama viatu vyake.

Tulipanda wote, mchana uleule, jua likiwa kali. Mwenyekiti alipanda bila kusimama hata mara moja, akihema na kulaani kwa sauti ndogo. Deo alifika wa mwisho, suruali imekwaruzika gotini, kiatu kimoja kimeacha soli yake njiani. Lakini alikuwa bado na imani yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la nne, akalisukuma. Halikwenda. Akakunja ngumi, akapiga hodi.

Aliurudisha mkono haraka na kuupuliza. Minza, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wake halisi hatua chache pembeni, akasema kwa upole wote, "Karibuni. Mlango uko huku."

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika jabali asianguke.

Hapo mngedhani mambo yameisha, na mimi nilidhani hivyo. Uamuzi ulitoka baada ya siku chache: faini imefutwa, ilani ya kubomoa imefutwa, kwa masharti mawili. La kwanza, mkata rufaa alete ramani mpya ya hali halisi ya jengo, ikionyesha na jabali, iidhinishwe. La pili, afute picha ya dirisha, kwa kuwa inapotosha wakaguzi.

Mkaguzi hakupanda, na anayepotosha ni marehemu! Someni tena sharti hilo, mtajua ofisi inavyofikiri. Ikijikwaa, inalipiga faini jiwe.

Nilimpelekea Minza habari nikitabasamu, nikianza na faini. Aliposikia faini imefutwa alishukuru, akashika kifua. Aliposikia sharti la pili alikaa kwenye kizingiti na kulia. Kwa ilani hakulia, kwa kikao hakulia, kishoka alipomjia mara ya pili alimfukuza kwa ufagio. Akalia kwa ajili ya kopo moja la rangi ya bluu. Nami nilikuwa nimeshamkosea mara moja, sikuwa tayari kurudi kwangu na kumwambia avumilie.

Nikashuka, nikafunga mlango wa ofisi yangu, nikasoma masharti yale mara nyingi. Kisha nikaona kitu ambacho ningekiona tangu mwanzo kama ningesoma kama Mzee Mabula. Sharti la kwanza lilikuwa limetangulia la pili.

Nikachora. Ilikuwa ramani safi kuliko zote nilizowahi kuchora, na vipimo vyote niliviweka kwa mikono yangu, nimepanda mara tatu, naijua ile nyumba kuliko chumba changu cha kulala. Vyumba nikavipa namba: moja, mbili, tatu. Jabali nalo ni sehemu ya hali halisi, walisema wenyewe lionyeshwe, nalo nikalipa namba, inayofuata. Pembeni, kwenye orodha ya maelezo, kwa herufi ndogo kama sheria inavyoruhusu, nikaandika: 1, chumba. 2, chumba. 3, chumba. 4, cha nne, mwamba wa asili uliopigwa lipu, dirisha moja la rangi, halifunguki. Kila neno la kweli. Na upande wa barabarani nikalichora dirisha lenyewe na pazia lake, pindo kwa pindo.

Nikaipeleka nakala tatu. Nilijua nani angeisoma: hakuna mtu. Walitazama kama ada imelipwa na kama karatasi ina ukubwa unaotakiwa. Ikapita meza zote, ikagongwa mihuri yote, na saini ya kwanza kabisa pale chini, ya mkaguzi wa eneo, ilikuwa ya Deo.

Miezi miwili baadaye Deo akapanda kilima. Alipanda, hilo nampa, na safari hii alivaa raba. Alikuja na ilani mpya: picha ya dirisha haijafutwa. Nami nilikuwepo, nimekuja kununua dagaa ambao hawajachambuliwa. Minza akaingia ndani, akatoka na ramani kwenye mfuko wa nailoni, akanipa.

"Bwana Deo," nikamwambia, "hebu nisaidie. Mtu akiondoa dirisha lililomo kwenye ramani iliyoidhinishwa, bila kibali, ni kosa?"

"Ni kosa kubwa, mama. Faini yake…" Akaichukua ramani, akasoma, akafika chini kwenye saini yake. Nilimwona anatafuta hasira, akaikosa, na mwishowe kijana yule akacheka, cheko la kweli, ndipo nikaanza kumpenda.

"Kwa hiyo akilifuta, nimpige faini."

"Itabidi."

"Na asipolifuta?"

"Utakuwa umekuta jengo liko kama ramani inavyosema. Ni mara ngapi umelikuta hivyo katika kazi yako?"

Akachana ilani yake vipande vinne, akaviweka mfukoni asichafue kwa watu, akaaga kwa adabu. Leo Deo ni mkubwa wa wakaguzi wenzake, na nasikia anawapandisha vilima hata pasipo na kosa. Lawama wananitupia mimi.

Basi ile rasimu yenu nimeirudisha. Sijasoma ukurasa wa pili, na wa kwanza umeandikwa vizuri mno. Nendeni kwanza kwenye nyumba ya watu, mteja aseme mpaka amalize, ndipo mfungue hizo kompyuta.

Siku ile Deo alipokwisha kushuka, Minza aliniomba nimsomee kilichomrudisha kijana, kwa maana herufi zilikuwa ndogo na macho yake yameharibiwa na moshi wa samaki. Nikamsomea. Moja, chumba. Mbili, chumba. Tatu, chumba. Nne, cha nne.

"Na mhuri wa serikali ndio huu?"

"Ndio huo. Na huu, na huu."

Akaupitishia kidole taratibu, akaikunja ramani kwa mikunjo yake ileile, akairudisha kwenye nailoni. Kisha akalitazama lile dirisha la bluu.

"Basi alinijengea," akasema.